Chanjo Aliyoingoja Noonkipa

Katika boma la Noonkipa, chanjo ikishatangazwa, hakuna ng'ombe aliyechomwa chuma cha moto kabla haijafika. Majirani zake huko nyika ya Handeni waliwachoma mbavu ng'ombe waliokohoa, kama tiba. Yeye aliwafukuza wenye vyuma kwa fimbo, akamngoja bwana mifugo aje na chanjo kwenye josho la kuogeshea ng'ombe. Zizi lake likanusurika. Msimamo ule ulimletea heshima, na heshima ikampa ukaidi.

Mwaka 1998 aligundua uvimbe titini, mgumu kama punje ya hindi. Mwanawe mkubwa, Mepukori, alimpeleka hospitali Korogwe. Daktari akasema titi likatwe haraka, ugonjwa ukiwa bado haujasambaa.

Nesi Rosina akakaa naye kumweleza.

"Mama, seli hizi ni zako mwenyewe, ila protini zake zimebadilika. Ni kama ng'ombe wa zizini mwako aliyebadilishwa kidogo alama ya sikio. Askari wa mwili hawashtuki, wanampisha."

"Hakuna wa kuwafumbua macho?"

"Wataalamu ng'ambo wanatafuta chanjo ya kuwaonyesha hiyo alama mpya. Bado wanaijaribu. Haijulikani kama itafaa."

"Imetangazwa?"

"Redioni, ndiyo. Lakini—"

"Basi nitaingoja."

"Utaingojea wapi, mama? Joshoni?" Rosina alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Nakuomba, mama. Kubali ukatwe."

"Ng'ombe wangu hawakuchomwa, nami sikatwi. Kisu chenu kachinjieni mbuzi."

Mepukori alimsihi njia nzima. 

Siku hizo josho lilikuwa limekauka, majani yameota ndani yake. Bwana mifugo alikuwa amefungua duka la dawa mjini, na hakutoka tena bila kulipwa. Hata hilo halikumshtua Noonkipa. Masika yalipokwisha, ngozi ya titi ilikuwa imekunjana kama ganda la chungwa, na kwapani mmeota vivimbe vingine. Alijifunika shuka, akaendelea kukamua kwa mkono mmoja. Aliyemuuliza alijibiwa, "Inakuja."

Mepukori alimrudisha Korogwe mkono ulipovimba ukawa hauinuki. Daktari alipapasa kwapa, akapapasa shingo, akaenda kunawa. Safari hii hakutaja kisu.

"Imefika?" Noonkipa akamuuliza Rosina.

"Bado, mama."

"Basi nikateni."

Rosina aliinama, akamtengenezea shuka.

Noonkipa alikufa kabla ya vuli. Kule kungoja kulimgharimu uhai, na binti yake mdogo, Nasinkoi, akabaki bila mama.