Mshono Uliogeuka Buluu

Karakanani walimwita Daktari kwa sababu ya glavu. Alivaa nyeupe, akazibadilisha kila alipogusa pua au kitasa cha mlango, na kabla ya kuchomelea alilifuta bomba la titani kwa spiriti kama anayemwandaa mgonjwa kwa sindano.

"Daktari, mgonjwa ataamka?" wenzake walimtania.

"Mkimpumulia, hataamka."

Hakuwa anatania. Titani ni metali nyepesi yenye nguvu, lakini ikipata moto ina kisirani: haivumilii jasho, mafuta wala hewa. Mshono mzuri hung'aa kama fedha. Ukitoka buluu, umekula uchafu. Kwa macho umeshika, lakini ndani umekauka kama biskuti, na siku moja utapasuka.

Karakana yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la matairi, lakini baiskeli zake za mbio uliziinua kwa vidole viwili, na wanariadha walizisubiri kwa miezi. Mmoja wao alikuwa mdogo wake Daktari, mshindani wa kuogelea, baiskeli na kukimbia. Watu walimwita Upepo. Sebuleni kwa mama yao ukuta mzima ulikuwa wa Upepo. Daktari alionekana kwenye picha moja, pembeni, akiwa amemshikia mdogo wake baiskeli.

Siku fremu ya Upepo ilipokuwa mezani, mwenyewe aliingia bila kubisha, miguu na mikono ikinuka mafuta ya kuchulia misuli. Akaipapasa.

"Usishike!" Daktari aliruka.

"Baiskeli yangu, unanikataza kuishika? Kaka, hiyo glavu imekupanda kichwani."

Mafundi wakacheka. Daktari alichukua kitambaa. Alilifuta bomba upya, mara mbili, kwa nje. Hakujua kwamba mdogo wake, kwa kuchezacheza tu, alikuwa ametia dole gumba ndani ya mdomo wa bomba, mahali ambapo kitambaa hakikufika. Alijua alipomaliza kuchomelea shingo ya fremu na kuinua kinyago chake. Mshono ulikuwa buluu.

"Naikata," alimwambia bosi.

"Ukate nini? Wapiga picha wanakuja kesho. Piga brashi, rangi itatoka."

"Rangi itatoka, ubovu utabaki."

Bosi alichukua brashi akaipiga mwenyewe. Mshono ukang'aa kuliko yote.

Daktari alimfuata mdogo wake nyumbani kwa mama, akamsihi asiipande. Upepo alimsikiliza hadi mwisho, akitafuna. Kisha akamgeukia mama.

"Umesikia, Mama? Nimepata baiskeli ya maana, kaka tumbo linamuuma."

"Wewe ndiye mkubwa," mama alimwambia Daktari. "Kama huwezi kumfurahia mwenzio, basi nyamaza. Wivu wa ndugu ni sumu."

Upepo aliipanda akashinda. Akashinda tena. Misimu ikapita na mshono ukashika, na kila ushindi ulikuwa kofi kwenye shavu la Daktari. Karakanani walimuuliza kama mgonjwa wake bado hajazikwa. Hata hivyo alikwenda kila shindano, akasimama chini ya mteremko, kwenye kona kali, mkono mmoja kifuani. Mwanzoni aliomba bomba lisipasuke. Baadaye hakuwa na hakika anaomba nini.

Kabla ya kila mbio aliomba kuigusa fremu. Upepo alimruhusu, maana palikuwa na kicheko ndani yake.

"Mganga wangu kaja kupiga ramli!" aliwatangazia watu asubuhi moja, kileleni mwa mteremko huohuo, wakati wa mazoezi ya mwisho. Akajipiga paja. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sivyo, kaka? Mbona guu hili hapa?"

Watu walicheka. Mama, aliyeletwa kutazama, alicheka zaidi, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Daktari alivua glavu. Akapitisha kidole chini ya shingo ya fremu, taratibu, kama alivyofanya misimu yote. Kidole kikasimama. Palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, umezunguka nusu ya bomba. Maneno ya siku hii alikuwa nayo tayari kwa muda mrefu: nilikwambia. Aliinua uso akaona watu wote wakimsubiri aseme ili wacheke tena.

"Vipi, Daktari? Mgonjwa ataamka?" mmoja wao alidakia.

"Mzima," alisema. "Mpe mwendo."

Upepo alimkazia macho kwanza. Kisha akatabasamu, tabasamu la kitoto ambalo Daktari alikuwa amelisahau, akamgonga bega. "Leo umenena, kaka." Akapanda akaondoka.

Mama alimshika mkono mwanawe mkubwa. "Ndiyo undugu huo, mwanangu. Umenifurahisha."

Safari hii hakushuka kwenye kona yake. Alibaki pale juu, mama amemwegemea, wakisikiliza makofi yakiteremka pamoja na baiskeli, mbali zaidi na zaidi. Halafu makofi yakakatika.

"Kuna nini huko?" mama aliuliza.

Daktari alikuwa anavaa glavu yake, kidole kimoja kimoja.