Togwa ya Krismasi Ukingoni mwa Kreta

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo ya pasheni na kisu butu. Ilikuwa nyumba ya wageni pale Karatu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa binti wa Ganako niliyemaliza darasa la saba na kujiona najua kila kitu. Msimamizi wa jiko, mama mnene ambaye aproni yake sikuwahi kuiona na doa, hakuniuliza hata jina. Aliniambia niandae juisi ya wageni wa mchana. Nikaponda, nikachuja, nikajaza maji. Akaonja, kisha akamwaga jagi zima kwenye sinki.

"Umesaga mbegu," akasema. "Mbegu ya pasheni ikisagwa, juisi inakuwa chungu. Inasuguliwa tu mpaka iachie utomvu wake. Anza tena, mwanangu."

Nilianza tena, na jioni nilianza tena. Ninyi vijana mnaoandika "juisi freshi" kwenye mabango pale barabarani, halafu mnasaga tunda na mbegu zake kwa mashine, mngelia machozi mikononi mwa mama yule. Mimi sikulia. Nilikasirika, na hasira ndiyo iliyonifundisha.

Kwake nilijifunza kwamba kazi ya vinywaji hufuata majira. Baada ya masika tulikuwa na maboga, nasi tukayachemsha na kuyaponda ndani ya unga wa maandazi ili sukari itumike kidogo. Baridi ya Juni na Julai ilikuwa ya tangawizi na mchaichai. Asali ilipopatikana tulitengeneza kashata za karanga. Alinifundisha pia kuzimua, yaani kupunguza ukali wa kinywaji kwa maji kidogo kidogo huku unaonja, wala si kumimina kama mtu anayezima moto. Alipoona mkono wangu umetulia, alinipendekeza kwa hoteli moja ya juu, ukingoni mwa kreta, lile shimo kubwa la volkano lenye wanyama.

Huko juu nilikuta dunia nyingine. Ukungu ulikuwa unaingia jikoni bila hodi. Maji yalichemka upesi lakini maharage hayakuiva, na unga wa maandazi uliokuwa ukiumuka haraka Karatu, kule ulilala tu kwenye beseni. Mpishi Mkuu, mzee wa Songea mwenye masihara mengi, alinikabidhi chumba kidogo chenye dirisha moja, rafu na meza ya mbao. Kilikuwa chumba cha vinywaji, na aliyekuwa nacho kabla yangu alikuwa amestaafu.

"Hapa wewe ndiye serikali," aliniambia. "Lakini mgeni akilalamika, mimi simo."

Nilikipenda chumba kile kuliko nilivyopenda nyumba yetu. Nasema hivyo bila haya. Nilikuwa binti pekee jikoni, na kila kilichotoka kwenye dirisha lile kilikuwa na mkono wangu.

Kisha mpaka wa Kenya ukafungwa na watalii wakakatika. Baadaye ikaja vita, na baada ya vita ikaja hali ambayo wazee wenzangu hawahitaji kuelezwa: sukari kwa foleni, unga wa ngano kwa bahati, na soda ikawa hadithi. Meneja mpya, kijana mpole aliyekuwa na mzigo mzito kichwani, alitukusanya mwanzoni mwa Desemba. Alisema sherehe ya Krismasi ya watoto wa watumishi haitakuwepo, maana kreti za soda hazikuja. Halafu akanigeukia mimi.

"Paskalina, chumba chako nitakifunga mwaka mpya ukianza. Hakina cha kutoa. Utakwenda kusaidia madobi."

Niliumia. Kufua si kazi ya aibu, lakini haikuwa kazi yangu. Nilimwomba kitu kimoja tu: aniachie sherehe ya watoto. Kama itaharibika, nitakwenda kwa madobi kwa miguu yangu mwenyewe. Kama itafana, chumba kisifungwe. Alinitazama, akamtazama Mpishi Mkuu, akasema, "Sherehe fanya. La chumba nitaamua nikishaona."

Nilichokuwa nacho kichwani ni togwa. Kwetu, mama yangu alikuwa akiipika kwa unga wa mahindi na kimea. Kimea ni ulezi uliolowekwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa. Unapika uji mzito, unauacha upoe mpaka uwe vuguvugu, kisha unakoroga kimea ndani. Uji wenyewe unalegea na kuwa mtamu bila hata chembe ya sukari, na ukiulaza, kesho yake una uchachu mzuri. Ukiulaza kupita kiasi unaelekea kwenye pombe, na hapo mchungaji atakuuliza maswali.

Nilifuata kila hatua kama mama alivyonifundisha. Asubuhi nikafunua chungu na kukuta uji uleule, mzito kama gundi, hauna utamu wowote. Wapishi walicheka sana. Nilipima tena, nikakoroga tena, na mara ya pili ikawa vilevile. Kijiji chetu hakikuwa na baridi ya namna ile, na mama hakuwahi kunifundisha dawa yake.

Mpishi Mkuu akaja, akachovya kidole, akatikisa kichwa. "Binti, huku baridi inakula kimea. Uji wako unapoa kabla hakijafanya kazi. Kipeleke kikaote moto."

Tulihamishia vyungu nyuma, kwenye kibanda cha boila, ambako kuni zilichemsha maji ya kuoga wageni. Nikavifunga kwa mablanketi makuukuu. Sasa shida ikawa nyingine: karibu mno na moto inachacha haraka, mbali mno inalala. Nilikuwa naingia kibandani kuonja na kusogeza vyungu, naonja na kusogeza, mpaka fundi wa boila akaniuliza kama nimeolewa na vyungu. Siku ya mkesha nilionja nikajua imekuja. Nikaizimua kwa maji ya pasheni, ikapata rangi na harufu. Nikakaanga na maandazi ya maboga, kwa unga kidogo uliokuwa umebaki.

Hapa lazima nieleze desturi ya sherehe ile. Kila mwaka, kila mtoto alipewa soda yake. Lakini chupa zilikuwa za kurudishwa, kwa hiyo watoto walikunywa wamesimama mbele ya kreti huku Bwana Stoo akizingoja chupa. Mama zao walitazama kwa mbali, kwenye kamba za nguo. Hakuna aliyewanyima kwa ubaya. Ni kwamba soda haikuwatosha, na hakuna aliyewaza hilo, hata mimi.

Siku ya Krismasi watoto walikuja wamepakwa mafuta yanang'aa. Nikawagawia vikombe vya bati. Mtoto wa dereva mmoja akachungulia ndani ya kikombe chake.

"Soda iko wapi?"

"Mwaka huu ni togwa, mwanangu. Onja."

"Hii si ya sikukuu. Hii ni ya nyumbani kwa bibi!" Akaanza kulia. Mwenzake naye akalia, na kilio kikaenea mstari mzima. Meneja alikuwa amesimama mlangoni na mikono mfukoni. Nilijisikia vibaya sana. Niliona chumba changu kinafungwa mchana kweupe.

Ndipo Mama Nasieku, mke wa mlinzi wetu, alipotoka kwenye kamba za nguo na kuja moja kwa moja mezani. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye shanga mpaka mabegani, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Mkononi alikuwa na kibuyu chake cha maziwa, kitupu.

"Paskalina, hii yako iko na chupa ya kurudisha?"

"Haina, mama."

"Basi tia hapa. Mimi nimeangalia hawa watoto wakikunywa kila mwaka. Leo na mimi nakunywa Krismasi."

Nilimjazia. Akanywa kidogo, akanywa tena kwa kirefu, akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Akawaita wenzake kwa Kimaasai, na wengine wakaja kabla hata ya kuitwa: Wairaqw, Wachaga, Wamaasai, kila mmoja na sufuria, kikombe au kibuyu. Wakaketi kwenye majani, wakamega maandazi, wakaanza kutaniana juu ya waume zao. Watoto walipoona mama zao wanakunywa na kucheka, kilio kilikatika. Yule mtoto wa dereva alirudi mezani na kikombe kitupu. Kumbe alikwishakinywa akiwa analia.

Bwana Stoo hakuwa na chupa ya kungoja, akaketi na yeye. Mwishoni Meneja alikuja dirishani kwangu na kikombe chake mwenyewe. Hakusema habari ya chumba. Alisema, "Wageni wa mwezi wa kwanza nao waonje hii." Hapo nikajua, nikageuka ukutani nikalia kidogo.

Soda zilirudi mwaka uliofuata. Wake za watumishi wakamtuma Mama Nasieku kwa Meneja kusema kwamba soda wapewe watoto, lakini bila togwa wao hawaji. Toka hapo haikukosekana. Baadaye nilipelekwa kambi ya msimu upande wa Oloipiri, nikaipika huko kwa moto wa kuni. Nikarudi ukingoni, nikafundisha wasichana wawili kazi, na nikastaafu kutoka chumba kilekile. Wakuu wangu wote nawashukuru, hata aliyemwaga jagi langu.

Sasa niko Ganako, nalima mahindi na ulezi kidogo. Krismasi iliyopita nilialikwa Endabash kwa mjukuu wa dada yangu, aliyeoa binti wa familia iliyowahi kuishi ukingoni. Bibi harusi alinipokea kwa heshima, akaniketisha, akaniletea kikombe cha togwa yenye pasheni. Akaona natazama ndani ya kikombe, akadhani nashangaa.

"Kunywa, bibi," akaniambia kwa upole. "Kwetu ni mila. Krismasi bila hii si Krismasi. Imeanzia kwa mababu zetu, hakuna anayejua ni nani."

Nilionja. Kimea kilikuwa kimefanya kazi yake sawasawa, na mbegu hazikusagwa. Nikamwambia hao mababu walijua kazi, kisha nikamnyooshea kikombe aniongeze.