Yangeyange Waliolinda Mpunga Wetu

Siku moja ya vita vya Maji Maji haijanitoka kichwani, mwanangu, na nikiikumbuka hata magoti haya mabovu hupata nguvu.

Askari wa Wajerumani walikuwa wamechoma maghala yetu kule Ruaruke. Mimi, shangazi yangu na wanawake wengine tukakimbilia delta na kapu moja la mbegu, tukalima mpunga kwenye kisiwa kilichofichwa na mikoko. Mpunga ule ukipotea, tungekosa chakula na mbegu ya kuanzia upya.

Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Nyumbani nilikaa juu ya dungu nikiwafukuza kwa kelele, mpaka watu wa ng'ambo ya mto wakajua nimeamka. Usicheke, sauti hii ilikuwa na sifa zake! Basi siku ya kwanza kisiwani, nilipofungua mdomo tu, shangazi akanishika mkono.

"Weye mwali, wafukuza ndege au waita askari? Nyamaza. Tumia macho."

Tukafunga makuti makavu kwenye kamba, nikawa navuta nikiwa juu ya dungu jipya, makuti yanatikisika, ndege wanaruka. Nilinuna kwelikweli. Kwa kukosa la kusema, nikaanza kuwatazama yangeyange, wale ndege weupe, waliolala kwenye mikoko ambayo wazee walikataza isikatwe. Maji yakipwa, walishuka kula kwenye tope la mkondo wa kuingilia kisiwani. Hakuna aliyewasumbua, maana mtu wa delta haingizi mtumbwi mle maji yakipwa.

Asubuhi moja, mpunga unaanza kuiva na maji yanakupwa, nikawaona wameruka wote, kundi baada ya kundi, wakija upande wetu. Nikateremka dunguni.

"Shangazi, mkondoni kuna wageni!"

"Umewaona?"

"Nimewaona yangeyange."

Hakuniuliza tena. Wanawake wakaingia shambani na visu, wakakata masuke, mabichi kwa yaliyoiva, na kuyaficha mikokoni. Mimi nikarudishwa juu kutazama. Ee, mwanangu, raha niliyoipata! Yangeyange walishuka tena palepale walipoinukia, wakaanza kula. Mashua ya hao wageni ingekuwa inatembea, wasingethubutu. Ilikuwa imekwama kwenye tope! Tukavuna hadi suke la mwisho, tukicheka huku tumejiziba midomo.

Maji yalipojaa, askari wakageuza mashua, wamechoka, tope hadi kiunoni, wakarudi walikotoka. Shangazi alipanda dunguni mwenyewe kuhakikisha. Kisha akanigeukia.

"Haya, mwali. Sasa piga kelele."

Nilipiga, mwanangu! Delta nzima iliitika. Mbegu ile ndiyo iliyorudi Ruaruke, na wali uliokula mchana huu umetokana nayo.

Kwa hiyo nakuambia waziwazi: kwa manati hayo uliyoshika usiwapige yangeyange, wala usiguse mikoko wanayolala. Na kabla hujapayuka, tazama kwanza. Mwenyezi Mungu akujaalie macho makali, akuepushe na vita, na akupe nawe siku ya kupiga kelele kama ile yangu.