Padri Gaudensi Alikataa Kunijibu

Usiku ule nyumba yetu ilijaa wageni hata sebuleni pakakosa pa kukanyaga. Shangazi zangu walikuwa wamekuja na kuku wao na mikungu yao ya ndizi, kwa sababu Jumamosi ningepewa daraja la ushemasi, hatua ya mwisho kabla ya upadri. Mimi nilipewa chumba peke yangu. Mama hakutaka mtu alale nami. Alisema mtu wa Mungu anahitaji utulivu. Akaitundika alba yangu mpya, ile kanzu nyeupe ya ibada, kwenye msumari mkabala na kitanda, akaurudishia mlango taratibu. Nikabaki naitazama alba, nayo ni kama inanitazama.

Niseme kwanza jinsi nilivyofika hapo. Nilipokuwa mchanga niliugua hadi macho yakageuka. Mama alikuwa amekwisha kuzika watoto wengine kabla yangu. Akapiga magoti jikoni, akamwambia Mungu: niachie huyu, nami nitakurudishia. Nikapona. Tangu hapo sikuulizwa hata siku moja nitakuwa nani. Watoto wenzangu walitaka kuwa madereva, wauguzi, wanajeshi. Mimi nilikuwa na jibu kabla sijajua swali. Na nadhiri ile ilikuwa na upande wa pili, ambao mama aliutamka mara moja tu, nilipokuwa mkubwa, tukichambua maharage: nikiacha, Mungu atachukua kilicho chake.

Padri Gaudensi alitufundisha falsafa seminarini. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kikohozi kisichoisha, aliyezoea kufuta ubao kwa mkono wa sweta. Ndiye aliyetuletea wale wanafalsafa wa Ulaya wa zama ambazo watu walianza kudai kwamba akili ya binadamu nayo ina haki ya kuuliza. Mmoja, alituambia, aliona Mungu kaumba ulimwengu kisha kauacha uende wenyewe, kama mtu aliyewasha mashine ya kusaga akatoka nje kupunga upepo. Mwingine alisema mengi tunayoyaita ujuzi ni mazoea tu, kama ng'ombe anayesikia ndoo ikigongwa akaamini pumba zinakuja. Na mwingine, huyo ndiye aliyeniondolea raha, alisema jema linalofanywa kwa kuogopa adhabu bado si jema.

Nilimfuata Padri baada ya kipindi. Nikamuuliza, na sala ya mtu anayeogopa, ni sala? Alikohoa, akanishika bega, akasema tutaongea. Masika yale yale mapafu yalimshinda, tukamzika nyuma ya kanisa la seminari. Hatukuongea.

Usingizi ulinichukua nikiwa nimeikazia macho alba.

Nilijikuta darasani. Nilijua ni darasa letu kwa harufu ya chaki, ila madirisha yalikuwa yamepanda juu karibu na dari, na mlango sikuuona. Padri Gaudensi alikuwa amenipa mgongo, anaandika ubaoni. Kila anachoandika anakifuta kwa mkono wa sweta kabla sijakisoma. Sikushangaa kumwona. Nilishangaa tu kwamba hakohoi.

"Nani kakuvisha?" anauliza bila kugeuka.

Najitazama. Nimevaa alba. Natafuta mahali pa kuivulia, napapasa shingoni, napapasa mgongoni, hakuna tundu wala kifungo. Imeshonwa juu yangu. Nyuzi zinapita kwenye kitambaa, zinaingia kwenye ubao wa benchi, na nikijaribu kusimama benchi zima linanyanyuka pamoja nami.

"Padri," nasema, "nisaidie."

Anageuka. Uso wake ni ule ule, ila umetulia mno, kama maji ya kisima asubuhi. Anataka kusema kitu, lakini moshi unatanda kati yetu, na ninaposugua macho darasa limekuwa jiko letu la zamani, lile la udongo lililobomolewa nikiwa mdogo. Mama amepiga magoti karibu na mafiga. Ni msichana hasa, mdogo kuliko mimi nilivyo leo. Mikononi kashika kitoto kilicholegea, na midomo yake inakwenda. Najua anachosema. Nakimbilia nimzuie, nataka kumwambia, mama, ngoja, niulize kwanza! Lakini sina miguu. Sina sauti. Mimi ndiye niliyelala mikononi mwake, natazama juu, naona kidevu chake kinatetemeka na machozi yake yanadondoka usoni kwangu, ya moto. Namwonea huruma kiasi cha kuumia. Na bado najua kwamba ananifunga.

Kisha ni ngoma, na vigelegele, na kanisa limejaa. Askofu anaita jina langu. Nafumbua mdomo, lakini kabla sijatoa neno, kanisa zima linaitika: "Nipo!" Shangazi zangu wanaitika. Majirani wanaitika. Anaita tena, wanaitika tena, kwa sauti yangu, sauti yangu mwenyewe ikitoka katika vinywa vyao. Natafuta mlango. Watu wamesimama hadi kwenye vizingiti, wanacheka kwa furaha, hakuna anayenizuia, na hakuna pa kupita.

Padri Gaudensi amekaa benchi la nyuma kabisa, peke yake. Naenda kwake. Njia inarefuka, natembea na alba inaburuta benchi nyuma yangu, mpaka mwishowe nafika, naanguka miguuni pake.

"Padri, huko uliko umekwisha kuona," nasema. "Niambie. Mungu alinipangia nini?"

Anajipangusa chaki kwa mkono wa sweta.

"Ili ufanye nini na jibu?"

"Nilifuate."

"Ili ukikosea umsingizie yeye."

Nalia. Namwambia sijampoteza Mungu, ila sijui kama nimewahi kumpenda, maana kila nilipopiga magoti nilikuwa namwomba asiniue. Namwambia labda yote yamekwisha kuamuliwa, labda hata kilio changu hiki kilipangwa kabla sijazaliwa. Namwomba neno moja tu, baki au ondoka, na nitalitii.

"Sikukufundisha kutii," anasema. Anainama, uso wake unakaribia wangu. "Mama yako aliweka nadhiri yake. Alikupenda, na aliogopa. Yako hujaiweka. Ukibaki, ubaki wewe. Ukiondoka, uondoke wewe. Usiseme ni mama. Usiseme ni Mungu. Na usiseme ni mimi niliyekutuma."

Nikaushika mkono wa sweta yake nisimwachie. Ulikuwa mtupu. Niliuvuta, nikavuta, na nikaamka nikiwa nimelikamata shuka kwa mikono yote miwili, jogoo wa shangazi wakiwika wamefungwa miguu uani.

Nilikaa kitandani hadi kukapambazuka. Sikuwa nimepata jibu, lakini nilijua nitakalofanya.

Mama alikuwa jikoni anachochea moto wa chai. Aliniona mlangoni akatabasamu, akaniita kama waseminari wanavyoitwa. "Frateri, umeamka mapema."

"Mama, Jumamosi sitapokea daraja."

Mkono wake ulibaki hewani na ukuni. "Nadhiri je?" alinong'ona. "Unataka nikuzike na wewe?"

"Sijui nitakufa lini, mama. Lakini siwezi kumtumikia Mungu kwa kumkimbia."

Alinichunguza usoni. "Umeota," alisema. "Nani kakujia? Niambie, nani kakutuma?"

Jina lilikuwa ulimini. Namjua mama yangu: neno la marehemu habishani nalo. Ningesema Padri Gaudensi kaja, angeinamisha kichwa, angelia kidogo, na mambo yangeishia hapo, bila yeye kunilaumu wala mimi kulaumiwa na mtu.

"Hakuna aliyenituma," nilisema. "Nimeamua mimi."

Akauweka ukuni chini. Akavuta kigoda, akakaa, mikono magotini, akaniangalia kama mtu anayejaribu kumtambua mgeni. Chai ilichemka, ikafurika, ikazima nusu ya moto. Hakuna aliyeiepua.

"Basi nenda ukawaambie shangazi zako," alisema mwishowe. "Mimi sitakusemea."

Nikaenda.