Nyasi za Kobe wa Bi Zuhura

Bi Zuhura, mwenye nyumba wangu hapa Mkomani, alinipa kazi ya kubadilisha nyasi anazolalia kobe wake, aliyeachiwa na marehemu mumewe. Nilizikusanya zote zilizochafuka, nikazijaza guniani, nikampa Bwana Athmani azipeleke jaani na punda wake. Nikatandika mpya kwenye sanduku, nikajisifu.

“Mbona simuoni kobe?” akauliza Bi Zuhura.

“Amejifukia, Bi. Nyasi mpya zimemkolea.”

Kwa haki, niliamini hivyo. Lakini alipopekua, mkono ukatoka mtupu.

Ndipo Bwana Athmani akaita kutoka mlangoni, “Bi Zuhura! Taka zenu zatoa kichwa!”

Nilimshukuru Mungu kwanza. Aibu nikaiona baadaye, Bi Zuhura aliponigeukia.