Hela ya Deus Ilivyofika Lipingo

Siku ya kwanza kazini nilivaa koti la kaka yangu la kuendea kanisani, mikono yake ikinifunika mpaka vidole. Shule niliiacha kidato cha pili kwa kukimbia hesabu, na hesabu zikanifuata mpaka benki. Nilikuwa tarishi, yaani mtu wa kubeba bahasha meza hadi meza akionekana ana haraka, kwenye tawi moja pale Mbinga mjini. Ulikuwa msimu wa kahawa, na wazee walioshuka kutoka Maguu walijaa foleni mpaka nje.

Siku hiyohiyo bibi mmoja alilia dirishani. Alikuwa ameweka hela kwenye akaunti ya mtu mwingine. Meneja wa tawi aliniagiza nimletee kiti, akamsikiliza mpaka akanyamaza. Kisha akaniambia, "Ndunguru, mashine zitakuja, zitahesabu kuliko sisi. Lakini mtu akikosea lazima awe na dirisha la kuja kulia. Hilo dirisha ndiyo benki." Mimi nikaenda kulifuta vumbi.

Mashine zilikuja kweli, na bahasha zikaisha. Nikahamia Lipingo kwa wakwe zangu, huku ziwani, nikawa wakala wa pesa za simu. Wakala ana vitu viwili: hela taslimu kwenye droo, na floti, yaani hela iliyomo kwenye simu. Mteja akitoa, droo inapungua na floti inapanda. Akiweka, inakuwa kinyume chake. Ugonjwa wetu ni kuwa na kimoja wakati mteja anataka kingine. Msimamizi wa mawakala, aliyekuwa akija kutukagua kwa pikipiki, alinifundisha nisimwambie mteja kwamba hela hakuna, nimwambie inakuja. Nikamjibu kazi hiyo naiweza, nyumbani naifanya kila siku.

Kripto, ile hela ya mtandaoni isiyopitia benki, nilikutana nayo kwa sababu ya shemeji yangu, Mama Tekla, dada mkubwa wa mke wangu. Alikuwa akiuza usipa, wale dagaa wetu, kwa kukodi boti za watu. Mzee Komba alipoamua kuacha uvuvi, akakubali kumuuzia mashine yake ya boti, yaani injini, ila mwisho Jumamosi. Baada ya hapo anaichukua tajiri wa Mbamba Bay.

Hela ya kuinunulia ilikuwa kwa Deus, mtoto wa Mama Tekla, Afrika Kusini. Deus alienda benki mwanzoni mwa wiki. Wakakuta jina la kwenye pasipoti halifanani na la kwenye akaunti, wakamwambia alete karatasi hii, kisha ile. Ijumaa akanipigia.

"Shikamoo, baba mdogo. Nataka nitume kwa kripto."

"Marahaba. Inapitia wapi?"

"Haipiti popote. Inafika tu."

Akanielekeza kufungua pochi, ndiyo akaunti yenyewe ndani ya simu, isiyo na tawi wala meneja. Akatuma. Sijamaliza chai, hela imeingia. Huko benki walikuwa bado wanauliza Deus ni nani.

Kesho yake asubuhi Mama Tekla akaja. Nikamwonyesha simu.

"Hela iko wapi, shemeji?"

"Humu."

"Basi itoe."

Hapo sasa. Ukanda wetu mashine ya boti haiuzwi kwa tarakimu za kwenye kioo. Mwenyekiti wa mwalo, ufukwe boti zinapoegeshwa, hushika hela mkononi mbele ya watu, akampa muuzaji, ndipo kamba ya mashine inavutwa. Hela isiyoshikwa haijalipwa.

Aliyekuwa akinunua hizo kripto alikuwa mwalimu wa fizikia, kijana wa Mwanza aliyepangiwa shule ya huku. Akasema nimtumie kwenye anwani yake, msururu wa herufi na namba usio na huruma, naye anirushie floti. Nikamuuliza nikikosea herufi moja itakuwaje.

"Umetoa sadaka, mzee."

"Nampigia nani?"

"Hakuna wa kumpigia."

Nikamwambia kama ni hivyo akae hapohapo, dirisha awe yeye. Alicheka, lakini alikaa. Tukasoma anwani herufi kwa herufi, Mama Tekla akiniangalia usoni kama anaangalia wingu. Kwanza tukatuma kidogo, kama hela ya chumvi. Ikafika. Ndipo nikatuma yote, na floti ikaingia kamili.

Nikafungua droo. Hela iliyokuwemo haikufika hata nusu, na jua lilikuwa limeshapita utosini.

Mama Tekla akashuka mwaloni, akarudi na wenzake wauza usipa. Mmoja mmoja wakafungua mafundo ya khanga, wakaweka kwenye simu zao hela ambazo siku nyingine wangelala nazo.

"Hakikisheni meseji imeingia," akawaambia, "sura ya wakala mnaiona."

Droo ikajaa noti zinazonuka usipa. Mwenyekiti akazishika, akampa Mzee Komba, kamba ikavutwa. Mashine ikakohoa, ikakohoa tena, ikawaka. Mama Tekla akakaa mchangani, mara ya kwanza tangu asubuhi.

Siku hizi vijana wananiuliza kama kripto itaishinda benki. Kwenye kuvuka mpaka iliishinda bila aibu, siwezi kudanganya. Tena ile ya Deus ilikuwa ya aina ambayo thamani yake inaifuata dola. Nyingine hupanda na kushuka kama bei ya usipa. Lakini kununua chumvi hapa Lipingo bado haiwezi, na hata ile ya Deus ilimalizia safari kwenye khanga za akina mama.

Kibanda changu cha uwakala nimemwachia Tekla, binti wa shemeji, anafanya vizuri kuliko mimi, jambo ambalo si gumu. Mimi nakaa nyumbani. Wiki iliyopita mwalimu wa fizikia alikuja, macho mekundu. Ametuma kwenye anwani siyo.

Sikuwa na la kumsaidia. Nikamletea kiti.