Hondohondo Akiwa Edani

Baba alipofariki, mama alikaa eda katika chumba cha ndani cha nyumba yetu ya Amu, na akaacha kula. Hakugoma, wala hakusema hataki. Sahani ililetwa, akashukuru, akaisogeza kando kwa vidole viwili, kisha akarudi kwenye tasbihi yake. Mashangazi walimpikia kila alichowahi kukipenda. Mimi nilimkaripia, maana nikiogopa huwa mkali, na ukali wangu haukumtia hata tonge moja kinywani.

Nilikuwa nimerudi kwa likizo ya mwisho wa mwaka. Nafundisha shule ya msingi huko bara, mbele ya Mokowe, karibu na msitu, na kikundi kimoja cha uhifadhi kilikuwa kimetuomba walimu tuandike hadithi za viumbe wa msituni, zisomwe madarasani. Walitaka watoto wapende kwanza, ndipo wahurumie. Mimi nilichagua ndege aitwaye hondohondo, yule mwenye mdomo mkubwa na sauti ya mtoto mchanga anayelia.

Nilikuwa na sababu yangu. Asubuhi moja, nikienda shule, nilimkuta dume mmoja amelala njiani, amepigwa kwa manati, na kuyu jekundu, tunda la mkuyu, bado limo mdomoni. Wanafunzi wangu walimruka wakaendelea na safari. Mimi nilisimama pale nikautazama msitu, nikijua kwamba mahali fulani, ndani ya mti mkuukuu, mna mdomo unaongoja. Maana hondohondo jike hutagia katika tundu la mti, na akishaingia hujizibia mlango kwa udongo mpaka ubaki ufa mwembamba tu. Humo ndani hupukutika manyoya ya mabawa, akawa hawezi kuruka. Mume huenda na kurudi kutwa, akimpa matunda kupitia ule ufa. Ukimuua mume, umewaua wote, na hakuna atakayeviona vifo vingine. Nililia, kisha nikawafokea wanafunzi siku nzima, na wala haikusaidia kitu.

Basi, alasiri moja mama amekaa kimya, madirisha yamefungwa kuzuia jua, nikamsomea mwanzo wa hadithi yangu. Nilisoma ili tu chumba kisinyamaze. Nilipofika pale ndege anapojiziba, mama alicheka kidogo. Akasema, "Kumbe naye yu edani."

Nikaendelea. Dume akaleta kuyu, jike akapokea, na nilipoinua macho nikaona mkono wa mama umo ndani ya sahani. Hakuangalia anachofanya. Ndege akala, naye akala. Nikapunguza mwendo wa kusoma kama mtu anayembeba mtoto aliyelala.

Tangu siku hiyo sikusoma tena, nilibuni. Wasemao njia ya mwongo ni fupi hawajawahi kumlisha mfiwa. Nilimtuma yule dume kwenye kila mkuyu niliowahi kuuona, na mingine isiyopo. Nikaleta mbega waliokaa juu kama wazee wa baraza, komba wenye macho makubwa, na paa mdogo mwekundu anayepita bila kutikisa jani. Chumba kile chenye giza kikawa kinanukia majani mabichi, au ni mimi niliyekuwa nayasikia. Mama alifumba macho akitafuna. Pengine alisinzia, na alipozinduka aliuliza kama mume amesharudi. Majirani waliokuja kumpa pole wakazoea kuketi hadi ndege alishwe, na mmoja alinilaumu kwamba jana nilimpa tunda moja tu.

Lakini hadithi ilikuwa na mwisho, nami niliujua, na kuuandika, kabla ya mwanzo. Dume alipaswa kuuawa. Bila hivyo watoto wangu wangejifunza nini? Likizo ikaanza kuyoyoma, kikundi kikauliza kazi yangu iko wapi, nami kila siku nikaiahirisha ile manati. Mama alihisi. Mama yangu hadanganyiki kwa sauti. Akaniambia, bila kunitazama, "Wangu mimi sikuwa na uwezo naye. Wako huyu yumo mikononi mwako. Kwani wataka kumuua?"

Nilimjibu kwa hasira kwamba simuui mimi, nilimkuta amekwisha kuuawa. Nikamsimulia habari ya lile kuyu jekundu, ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniamuru nisome.

Lisilo budi hutendwa. Nilisoma jinsi kijana alivyovuta manati, jinsi dume alivyoanguka, na jinsi jua lilivyozunguka mti huku mdomo umetoka ufani, hauletewi kitu. Mkono wa mama ulitoka sahanini ukatulia gotini. Nikajiambia, nimemuua mama kwa ajili ya ndege.

Mama akauliza, "Alojenga ukuta ule ni nani?"

"Ni yeye mwenyewe, mama."

"Kaujenga kwa kitu gani?"

"Kwa mdomo wake."

"Na yeo mdomo hana?"

Nilimweleza kwamba mdomo leo anao, ila hata akiubomoa ukuta hawezi kuruka, mabawa hayana manyoya, chini kuna nyoka na kicheche. Nilimweleza kama ninavyowaeleza darasa la nne. Akaniacha nimalize.

"Na atembee," akasema. "Nti ipo, ndia zipo. Manyoya yatamea." Akapapasa sakafu kana kwamba ndiyo ardhi yenyewe na njia zake. "Mume mwate afe, wana wako wapate kujua. Na yule wa manati usimsamehe upesi. Lakini mwanamke huyu mtoe."

Nilichukua kalamu nikaandika alivyosema, mume nikamwacha afe. Nilimtoa yule ndege kwa shida, donge la udongo baada ya donge, nikamshusha mpaka kwenye majani makavu, akiwa uchi wa mabawa na amekasirika. Nilikuwa nimeinama nikiandika, sisemi neno. Nikasikia sahani ikiburuzwa sakafuni. Mama alikuwa ameivuta mwenyewe, na alikuwa anakula, na hakuna aliyekuwa anamsomea chochote.